Leo Si Utani

Usumbura, 28 Juni 1910

Kwa dada yangu Sikuzani binti Ramazani, Rumonge.

Amahoro, dada, na rehema za Mungu ziwe juu yako na juu ya nyumba aliyotuachia baba. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliye mahali kama hapa. Mgongo umeanza kukauka na sasa naweza kulala ubavu. Nisalimie mke wangu Chausiku, mwambie asilie sana. Nisalimie majirani wanaoniuliza, wasioniuliza usiwasumbue. Nasikia watu wa ugonjwa wa malale wamefika tena Magara kupapasa watu shingo. Wakija Rumonge toka upapaswe, usifanye kama tulivyofanya sisi kwa baba.

Sasa neno lenyewe. Yule Mzungu, Bwana Shauri, alinihukumu kwa makosa mawili, nawe ulisikia. La kumficha baba asipelekwe kambi ya malale nimekwisha kulilipa kwa viboko pale pale Rumonge, nami sina la kubisha, tulimficha kweli. La pili ni kumpiga askari wa serikali aliyekuja kunikamata. Kwa hilo nimepewa mwaka mzima wa mnyororo, na watu wa mnyororo watapelekwa pwani baada ya Idi. Wanaokwenda huko, dada, wengi hatujawaona wakirudi. Hilo la pili ndilo ninalolikatia rufaa. Karani wa boma ameniambia Bwana Mkubwa akirudi kutoka milimani anaweza kulisikiliza upya.

Nimemweleza karani hivi, nawe kumbuka hivi hivi ili maneno yetu yasipishane. Sisi kwa babu ni Wazaramo, na askari huyo, ombasha Kassimu, ni Mnyamwezi, na tangu siku za misafara Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani hutukana, hunyang'anya, huja msibani akawafunga wafiwa kamba mpaka wampe kuku. Mwaka jana alipokufa mumeo, Kassimu huyu huyu alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akanifunga kwenye nguzo, nawe ukacheka katikati ya kilio. Basi siku ya msiba wa baba alipoingia uani na kamba mkononi, akasema nisimame, nimekamatwa, mimi nilijua amekuja kutaka kuku wake. Watu wote walipiga makofi. Nikamvua tarbushi, nikampaka majivu, nikamsukuma, akaangukia kwenye ufuo, lile shimo tulilochimba kwa maji ya kumwoshea baba, na mkono ukavunjika. Ningejuaje?

Shida ni kwamba mashahidi wangu wote ni ndugu zangu, na Bwana anasema ndugu husema lolote. Kassimu alipoulizwa hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama chini. Neno lake peke yake ndilo linaloweza kunitoa. Nenda kwake, dada.

Liko jingine sijui nikuulize vipi. Ni la mkwe wangu, Bi Mwanahamisi. Siku ya viboko Bwana aliamuru Rumonge nzima ije kutazama, nami nimelazwa juu ya pipa bila nguo. Sikuinua kichwa, lakini niliona miguu yake mbele ya watu. Naijua miguu ile, kwa kuwa ndiyo ninayoitazama kila ninapomwamkia. Yeye hajambo?

Ndugu yako mwenye aibu,
Asmani bin Ramazani


Rumonge, 18 Rajabu 1328

Kwa ndugu yangu Asmani.

Salamu yako imefika na nimeipokea kwa mikono miwili. Sisi tu wazima. Khitma ya baba tumeisoma, watu walikuja, si wengi kama ambavyo wangekuja zamani, lakini chakula kilikwisha. Paa la upande wa magharibi linavuja tena. Cherehani yako nimeifunika kwa mkeka na kuku wamehamia juu yake, nawafukuza kila asubuhi. Chausiku hajambo, anakusalimu. Mkwe wako hajambo.

Umeniambia nikumbuke, nami nakumbuka sana kuliko ninavyotaka. Nikishuka ziwani kununua ndagala, yule mama wa Kirundi muuza samaki ananiita mbele ya wote. "Njoo, mama, chukua, hii iko yako." Zamani ningesema ananipenda. Sasa najua ananipimia upesi ili niondoke, wenzangu waendelee kuzungumza. Baba alikuwa mtu wa kuamua ugomvi wa watu, Asmani. Leo tunajulikana kama nyumba ya aliyechapwa uchi.

Kwa Kassimu sijakwenda. Usinikasirikie, nisikilize kwanza. Tangu nimfahamu hajapata kuniita kwa jina langu. Mimi ni mjane wa nyani, yeye ni fisi wa Unyamwezi, na wewe ni mtumwa wake. Akinitukana najua hana neno na mimi. Akinyamaza najua anaumwa. Sasa mtu kama huyo nitamwomba vipi jambo la kweli? Nikipiga magoti atadhani nacheza. Nikilia atanipa kitambaa chenye pilipili, kama alivyonipa siku ya mume wangu. Sijui mlango wa kuingilia.

Nami nina swali. Siku ile nilisimama kwenye mlango wa jiko, nimeshika bakuli la majivu nililotaka mwenyewe kummwagia. Kabla hujamsukuma nilimwona ameinama, ameweka mdomo sikioni mwako. Alisema maneno, si neno moja. Wewe uliacha kucheka, kisha ukacheka tena kwa nguvu, ndipo ukamsukuma. Alikwambia nini?

Dada yako,
Sikuzani


Usumbura, 20 Agosti 1910

Kwa dada yangu Sikuzani.

Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, hata za kuku. Waache wakae juu ya cherehani, angalau iwe na kazi. Mimi nimetolewa kwenye kubeba mawe, kwa sababu shaushi anayetusimamia alisikia kwamba mimi ni fundi wa nguo. Sasa nakaa kwenye baraza nashona kaki za askari, mguu mmoja mnyororoni. Mwenzangu wa mnyororo ni Mrundi wa Kabezi asiyejua kushona, kwa hiyo analala mchana kutwa pembeni yangu na kukoroma. Nisalimie Chausiku. Husemi anasema nini, unasema anasalimu tu.

Mashua za mawese kutoka kwetu zinafika hapa, nawe unajua. Jioni tunapelekwa ziwani kuteka maji, na kila mara naogopa kukutana na mtu wa Rumonge. Juzi nilimwona Amuri mwana wa ba'mdogo anateremsha mitungi. Nikajitwisha debe upande upande, lifunike uso. Akapita karibu yangu. Nadhani alinitambua, kwa sababu alianza kuimba wimbo wa makasia peke yake, kwa sauti kubwa, mtu ambaye hajapata kuimba. Alinisaidia nisionekane. Nililia nikiteka maji, dada, kwa wema wake.

Bwana Mkubwa anarudi baada ya Ramadhani. Karani ameniandikia maombi ya rufaa, yamepokelewa. Imebaki Kassimu. Mwendee kwa njia yoyote. Mwendee kwa matusi ukitaka, kisha katikati ya matusi mwambie. Nikipelekwa pwani nani atasimama pale baba aliposimama?

Hilo uliloniuliza, siwezi. Barua zetu zinasomwa na karani kabla hazijatoka, na zako kabla hazijanifikia. Swali lako amelisoma. Amenitazama, kisha akanipa barua, ni mtu mzuri. Lakini usiniulize tena.

Asmani


Rumonge, 12 Ramadhani 1328

Kwa ndugu yangu Asmani.

Ramadhani njema, ikiwa huko mnafunga, na kama hamwachwi kufunga Mungu anajua nia zenu. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nilikuwa nachelewa makusudi, nataka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Nimekwenda kwa Kassimu. Alikuwa ameketi nje ya nyumba zao askari, mkono umefungwa vijiti, mkewe Mwamini anachambua mchele wa kufuturia. Nikaanza kama ulivyosema. Nikamwambia, "Fisi wa Unyamwezi, huo mkono uliula mwenyewe au ulisaidiwa?" Mwamini alicheka. Yeye hakucheka. Akanisogezea kigoda, akasema, "Keti, dada."

Dada, Asmani. Aliniita dada. Nikaketi, na yote niliyopanga yakanipotea, nikamwambia wazi tu: ndugu yangu atapelekwa pwani, neno lako litamwokoa, sema ulikuja kwa utani.

Akasema, "Mimi si mutu wa kumushitaki mutani wangu. Sikumushitaki. Mzungu aliona mukono, akauliza nani, watu wakamuonyesha. Mimi nilinyamaza, sababu nikisema ndiyo namuua, nikisema hapana nasema uongo, na uongo mbele ya Bwana iko kazi yangu kwisha." Kisha akasema, "Lakini nitakwenda, kama Asmani atakwambia nilimusemea nini sikioni. Asimwambie Bwana. Akwambie wewe tu, nawe uniambie kwamba amekumbuka. Basi. Sitaki kuku."

Nilimuuliza yeye mwenyewe alisema nini. Akakataa. Alisema kinywa cha kulisema ni chako.

Mimi sijui ni nini, na ninaanza kuogopa kujua. Lakini jambo analolitaka ni dogo. Kama barua zinasomwa, mwambie Amuri ziwani, anakuja huko kila mara na mawese. Mwambie hata kwa mafumbo. Nangoja.

Sikuzani


Usumbura, 30 Septemba 1910

Kwa dada yangu Sikuzani.

Salamu nyingi. Sisi wazima. Joto ni kali, mvua zinakawia.

Mwambie Kassimu sikumbuki. Uani kulikuwa na kelele, wanawake wanalia, watu wanapiga makofi. Nilisikia pumzi tu sikioni. Kama alisema kitu, sikukisikia. Mwambie hivyo, na mwambie namwomba kwa Mungu na Mtume wake aje.

Amuri nimemwona, sikumpa neno. Sina neno.

Idi imekaribia na wameanza kutupima miguu kwa pingu za safari.

Asmani


Rumonge, 5 Mfungo Mosi 1328

Kwa ndugu yangu Asmani.

Idi imepita. Tulipika, tukala, tukapeleka kwa majirani, na mwaka huu sahani zimerudi na kitu ndani, si kama nilivyoogopa. Nashukuru kwa hilo.

Barua yako nilimsomea Kassimu barazani kwake siku ya pili ya Idi. Nilipofika pale uliposema hukusikia, aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliinamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Kisha akamwita mkewe, akamwambia, "Nipe koti." Mwamini akamuuliza anakwenda wapi na mkono haujapona. Akasema Usumbura. Alipanda mashua ya Amuri asubuhi ile ile. Hakusema anakwenda kusema nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Kwa hiyo labda barua hii itakufikia pamoja naye, au baada yake.

Asmani, kwa kuwa wewe umenificha jambo, nami nimekuficha. Chausiku hayupo hapa. Aliondoka wiki ile ile uliyochukuliwa. Hakukukimbia, usidhani hivyo. Ni mama yake. Bi Mwanahamisi tangu siku ya pipa hakutoka ndani. Alisema macho yake yameona yasiyoruhusiwa kuona kwa mkwe, na kwamba hawezi kukaa mji mmoja nawe, mkakutana njiani, ukamwamkia na yeye aitikie. Atakuitikia vipi? Akafunga mizigo akahamia Gitaza kwa mdogo wake, mzee kama yule, na Chausiku akaenda kumtunza. Ndiyo maana nilikuwa nasema anasalimu, nikiishia hapo. Salamu zenyewe ni za kweli, huzituma kwa wachuuzi wa ndagala.

Niliona aibu kukuandikia. Tuna aibu nyingi sana mwaka huu, nilitaka nikupunguzie moja.

Dada yako,
Sikuzani


Usumbura, 14 Novemba 1910

Kwa dada yangu Sikuzani.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha fundi mmoja Mswahili hapa mtaani kwa askari wa zamani, na mguu wangu hauna kitu. Barua hii haisomi mtu ila wewe. Nimeachiwa. Mshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Bwana Mkubwa alinisikiliza nusu asubuhi. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Kisha akaitwa Kassimu. Alikuwa amevaa kaki safi, lakini mkono wa kushoto umepinda, hauwezi kunyooka kwa saluti. Akasema kwa sauti ya kambi, "Huyu ni mtani wangu, Bwana. Mimi ndiye niliyeanza. Niliingia msibani na kamba kwa mchezo kabla sijamwambia neno lolote la serikali. Hakujua." Bwana akamuuliza mara ya pili, "Hukumwambia kwamba umekuja kumkamata kweli?" Akasema, "Sikumwambia, Bwana." Bwana akanigeukia mimi, "Ndivyo?" Kassimu hakunitazama. Nikasema, "Ndivyo."

Rufaa ikakubaliwa pale pale. Na pale pale Bwana akasema askari anayecheza akiwa kazini hafai kuwa ombasha, wala hafai kuwa askari. Kassimu akaambiwa avue kaki.

Sasa sikia hili. Nilirudishwa barazani kuchukua kilemba changu. Shaushi akaja na koti, akalitupa mezani, akasema, "Fundi, kabla hujaenda zako, fumua huu utepe." Lilikuwa koti la Kassimu. Utepe ule mwekundu niliushona mimi, pale Rumonge, alipopandishwa cheo, na siku ile nilimwambia nimemshonea chawa ndani yake, akanifukuza mpaka ziwani huku watu wanatucheka. Nilikuta mshono wangu. Nilishona vizuri mno, ulikataa kutoka. Yeye alikuwa amesimama mlangoni amejifunga shuka, anangoja. Nikangoja na mimi anitukane, aseme mtumwa wangu, hata mikono yako ni mizembe. Aliniambia, "Polepole. Usichane kitambaa, ni mali yao." Akaondoka bila kungoja nimalize.

Dada, nilisikia. Kila neno nilisikia. Aliinama akaniambia, "Asmani, leo si utani. Nimepewa amri. Simama twende taratibu, kamba nitaitia mfukoni, nisikufunge mbele ya wakwe zako na baba yako hajazikwa." Alitaka kunisitiri. Nami nilimwelewa. Nilimwona Bi Mwanahamisi amekaa na wanawake, nikajiona natolewa uani, maiti ya baba iko ndani, mwana wa Ramazani anakwenda kama mwizi. Watu walikuwa bado wanacheka. Nikaona wakizidi kucheka itakuwa utani tu, na kwamba nikimsukuma hatakuwa na la kufanya, maana mtani hakasiriki. Nilikimbia aibu ya kutolewa uani nimevaa nguo zangu. Mungu akanipa ile ya pipa.

Nilijua, dada. Mahakamani nilisema sikujua, kwako nikasema sikusikia, na yeye amesema uongo wa tatu ili ule wangu usimame.

Nimemshonea kanzu, nimempa Amuri akuletee. Mkono wa kushoto nimeushona, nimeuziba kabisa pale kwenye kiwiko, asipate pa kupitisha. Mpe yeye. Akiivaa ataona. Atanitukana matusi yote ya Unyamwezi, na nitakapoyasikia kutoka kwako nitajua kwamba naweza kuja nyumbani. Kabla ya hapo siji.

Ndugu yako,
Asmani


Rumonge, 20 Mfungo Tatu 1328

Kwa ndugu yangu Asmani.

Tumekwisha kuchinja na kula, Mungu apokee. Chausiku atakuja huko kwako na mashua hii inayofuata. Mama yake ameridhia, ila yeye mwenyewe atabaki Gitaza, na kuonana msionane. Nimempa mto wako wa usufi, sufuria na ile mikasi midogo. Mpokee vizuri, amenyamaza sana siku hizi.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikaitia jikoni chini ya chungu. Nimekukasirikia muda wa kutosha na sasa nimechoka kukukasirikia. Ungeniambia ziwani kwa kinywa cha Amuri ningekuficha vile vile, mimi ni dada yako. Lakini bakuli la majivu nililishika mimi, na laiti ungechelewa kidogo ningemmwagia mwenyewe, kwa hiyo sikusemi zaidi.

Nataka kukueleza habari za Kassimu kwa mpango, maana ndizo unazozingoja.

Alirudi na shuka lake, akapanga chumba karibu na yanapopakiwa mawese, sasa anabeba mitungi kwa mkono mmoja. Kabla kanzu yako haijafika tulipata msiba, mtoto mchanga wa Amuri. Kassimu alikuja kabla ya watu wote. Alichota maji, alisaidia kuchimba, alifanya kila kazi ambayo ni ya mtani msibani. Watu walikuwa wanatutazama mimi na yeye, wanangoja. Nikaona nianze mimi. Nikachukua kata ya maji nikammwagia mgongoni, nikasema, "Fisi, umekuja kunusa?" Aliweka jembe chini. Akajifuta uso. Akanipa mkono, akasema, "Poleni sana na musiba, mama. Mungu awape subira." Kisha akamwendea Amuri akampa mkono naye hivyo hivyo, kama mgeni aliyetoka mji wa mbali. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyejua pa kutazama. Nilisimama na ile kata mkononi.

Nikajisemea amechoka, ana uchungu wa kazi yake, yatapita. Ndipo kanzu yako ikaja. Nilifurahi, Asmani, sikufichi. Nilikimbia nayo kama msichana. Nikamwambia, "Mtumwa wako amekuletea zawadi, ivae tuone." Akaivaa pale pale mlangoni. Mkono wa kuume ukapita. Wa kushoto ukafika kiwikoni ukakwama. Mkewe Mwamini alicheka mpaka akashika nguzo, nami nikacheka, maana ilikuwa mzaha mzuri, wa fundi hasa.

Akaivua. Akaketi kwenye kigoda, akaomba kisu kidogo, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, kwa ule mkono wake mbovu, ameishika kanzu kwa magoti. Tulikuwa tumekwisha kuacha kucheka zamani. Mwamini alitaka kumsaidia akakataa. Nilipoona ananyamaza hivyo nikamwambia lile ulilonituma bila kunituma. Nikasema, "Asmani amekumbuka ulichomwambia."

Akasema, "Alikuwa anakumbuka siku zote."

Alipomaliza akaivaa tena, akauvutavuta mkono vizuri, akajitazama. Akasema, "Imenikaa. Mwambie fundi Asmani namshukuru sana, Mungu aibariki mikono yake." Nilibaki pale mlangoni, ndugu yangu, nikingoja neno la mwisho, lile baya, hata moja dogo. Akaniaga kwa adabu, akaniambia njia ina matope nipite pembeni, akaingia ndani.

Sasa njoo nyumbani au usije, mimi sijui tena la kukushauri. Cherehani yako ipo, na kuku nimewatoa.

Dada yako,
Sikuzani binti Ramazani